Bunduki Langoni na Deni la Bwana Nyama



Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya kwenda Sengerema, nikasimama kidogo pale Kigongo. Watu wa umri wangu wanaikumbuka Kigongo ya kivuko. Ulikuwa unafika, unapanga foleni, unanunua samaki wa kukaanga, unasubiri mpaka jua linageuka. Tangu tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua daraja, gari linaikata Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache tu. Lakini vibanda vya chai havijaisha vyote, na penye kibanda cha chai hapakosi mazungumzo.

Nilimkuta kijana mmoja, mfanyabiashara wa Mwanza, akirudi na wenzake kutoka Kisiwa cha Rubondo. Walikwenda kutembea kwa miguu katika hifadhi. Kijana huyu anamiliki bastola kwa leseni halali. Maombi yake yalianzia serikali ya mtaa, yakapita kwa wakubwa, akachunguzwa, akapewa. Kabla ya safari aliuliza kama anaweza kwenda nayo. Akajibiwa kwamba hapana, bunduki ya mgeni haiingii hifadhini. Akaiacha.

Siku ya pili walikuwa porini, askari wa hifadhi mbele na bunduki yake begani. Njia ikakunja, wakamwona tembo, si mbali. Askari akainua mkono. Wote wakasimama, wakaanza kurudi nyuma polepole, hatua kwa hatua, mpaka tembo akaendelea na majani yake. Hakuna risasi iliyopigwa. Ila yule kijana alikuwa bado ana hasira alipokuwa akinisimulia. Alisema, "Mzee wangu, serikali moja imenipa leseni, serikali hiyo hiyo inaniambia nikaache bunduki nyumbani. Je, yule askari mmoja angekosa shabaha, watu sita tungefanya nini?"

Pembeni alikuwa amekaa mzee wa upande wa Busisi. Alikuwa amenyamaza muda wote. Akaweka kikombe chini, akamwambia, "Mwanangu, wewe umekaa bila bunduki siku tatu. Sisi tumekaa hivyo tangu enzi za babu zetu. Mdogo wangu aliuawa na kiboko alfajiri, akichota maji. Aliyekuwa na gobore kijijini alikuwa amekwisha kunyang'anywa. Tukapeleka habari kwa wenye bunduki za serikali. Walifika siku ya tatu."

Ndugu wasikilizaji, kijana aliuliza swali lake, na mzee naye alikuwa na lake. Kwa kadiri nilivyotafakari baadaye, hayo ni swali moja. Mtu anapoambiwa aweke silaha chini, je, aliyemwambia amechukua mzigo gani? Leo nataka tulitazame jambo hili kwa historia.

Tuanze na sheria ilivyo. Leseni ya bunduki ya raia hutolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hifadhi ya Taifa nayo inatawaliwa na sheria yake, ambayo asili yake ni ya mwaka 1959. Sheria hiyo inakataza mtu kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali. Na silaha siyo bunduki tu. Anayefuatilia kesi za namna hii atakuta kwamba mara nyingi mshtakiwa hakukamatwa na bunduki. Amekamatwa na panga, kisu, mkuki, au nyaya za kutegea wanyama. Kwa hiyo leseni ya kijana wetu inasema kwamba yeye ni mtu wa kuaminiwa na bunduki. Haisemi kwamba anaweza kwenda nayo kila mahali. Ni kama leseni ya udereva: inakuruhusu kuendesha gari, haikuruhusu kuliingiza katika shamba la mwenzako.

Hilo ndilo jibu la mwanasheria. Historia ni ndefu zaidi.

Katika karne ya 19 nchi hii ya bara ilijaa bunduki. Misafara ya pembe za ndovu ilizileta kutoka pwani kwa maelfu, nyingi zikiwa za kushindilia baruti kwa mdomo, hizi tunazoziita magobore. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa bunduki hizo na kwa askari wake wa rugaruga. Huku kwetu Usukumani walikuwapo Bayege, chama cha wawindaji wa tembo, wenye dawa zao, miiko yao na nyimbo zao. Mtu hakuwa Myege kwa kujitakia tu. Alifundishwa, akaingizwa chamani, akatii wakubwa wake. Msidhani basi kwamba kabla ya serikali za kigeni pori halikuwa na mwenyewe wala uwindaji haukuwa na sheria.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kutia sahihi mkataba. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Lakini ndani ya mkataba huo uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika ulizuiwa, na zikaachiwa nafasi bunduki za kizamani zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Matokeo yake mnayaona hata leo. Bunduki ya mkulima wa Kiafrika ikabaki gobore, na bunduki ya kisasa ikawa ya mtawala na mgeni wake.

Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kwanza ya uwindaji katika koloni hili. Mwindaji akatakiwa kuwa na leseni ya kulipia, na mapori mawili yakatengwa, moja upande wa Kilimanjaro na jingine upande wa Rufiji. Nia ya kuwalinda wanyama ilikuwapo, sikatai, kwa maana tembo walikuwa wakiuawa kupita kiasi kwa ajili ya pembe. Lakini fikirini mkulima alivyoiona amri ile. Jana alikuwa mwindaji, leo ni mwizi. Mnyama ni yule yule, pori ni lile lile, na mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni karatasi.

Baada ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, kusalimisha silaha kulikuwa sehemu ya masharti ya walioshindwa. Nguruwe na tembo hawakutia sahihi masharti hayo. Waliendelea kuingia mashambani kama kawaida yao, ila sasa mwenye shamba alikuwa mikono mitupu.

Waingereza walipoichukua Tanganyika walianzisha Idara ya Wanyamapori. Mkuu wake wa kwanza alikuwa C. F. M. Swynnerton, ambaye watu wa Shinyanga wanamkumbuka zaidi kwa vita vyake dhidi ya mbung'o. Ndipo akaja mtu ambaye wazee wetu walimwita Bwana Nyama. Mara nyingi tunamkumbuka kama mtu wa kukamata. Lakini kazi yake ilikuwa na upande wa pili. Idara ile iliajiri askari Waafrika waliokaa wilayani, na wajibu wao mkubwa ulikuwa kulinda mashamba. Tembo walipoingia katika mihogo ya watu, mjumbe alitumwa kwa Bwana Nyama, na askari akaja na bunduki. Katika miaka ya 1930 maelfu ya tembo waliuawa hivyo, hasa katika wilaya za kusini.

Hayakuwa mapatano ya watu walio sawa. Hakuna mkulima aliyeulizwa. Wala hayakutimizwa kila mahali: kule Liwale, miaka ya 1940, serikali iliona ni rahisi zaidi kuwahamisha watu kuliko kuwahamisha tembo, na nchi waliyoiacha ikaongezwa kwenye pori la Selous. Hata hivyo, ndani ya utaratibu ule mlikuwa na jambo moja ambalo mkulima alilielewa. Serikali ilisema: usimpige tembo, sisi tutampiga. Aliyechukua bunduki alichukua na kazi ya bunduki. Hilo ndilo ninaloliita deni la Bwana Nyama.

Mwaka 1951 Serengeti ikawa Hifadhi ya Taifa. Mwaka 1959 sheria mpya ikakazwa, Wamasai wakaondoka ndani ya hifadhi na kuhamia upande wa Ngorongoro. Upande wetu wa magharibi, ambako hifadhi inashuka mpaka karibu na ziwa pale Ndabaka, Waikoma, Waikizu na Wasukuma walijikuta wanaishi mpakani. Neno jangili likashika mizizi. Ndani ya neno hilo moja akatiwa mtu wa upinde aliyetafuta kitoweo, na mfanyabiashara wa pembe mwenye lori.

Rubondo nayo ina historia yake. Ilifanywa pori la akiba mwaka 1965, ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 457, na karibu nusu ni maji. Mvuvi akivuka mpaka huo ambao hauna ukuta wala jiwe, ameingia hifadhini. Katika miaka ya 1960 Mjerumani Bernhard Grzimek alileta pale sokwe waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya, akawaachia msituni. Simba hawapo Rubondo, lakini tembo wapo, viboko wapo, na mamba wapo. Ndiyo sababu mgeni hatembei pale peke yake.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tusiwe watu wa kuona upande mmoja. Mwaka 1961, uhuru ukikaribia, Mwalimu Nyerere alitangaza Arusha kwamba wanyamapori ni amana, na kwamba kuwalinda ni wajibu wetu wenyewe. Amana hiyo ilikaribia kutuponyoka mara mbili. Katika miaka ya 1980 tembo waliuawa vibaya, mpaka mwaka 1989 serikali ikaanzisha Operesheni Uhai, jeshi na polisi wakaungana na askari wa wanyamapori. Tukapumua. Kisha likaja wimbi la pili. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha tembo 109,051 nchini. Ile ya mwaka 2014 ilionyesha 43,330. Kwa miaka mitano tulipoteza zaidi ya nusu.

Waliofanya hayo hawakuwa wazee wenye magobore ya kufukuzia nguruwe. Walikuwa na bunduki za kivita. Januari 2016, katika Pori la Akiba la Maswa, majangili waliipiga risasi helikopta iliyokuwa ikiwafuatilia, wakamuua rubani Mwingereza, Roger Gower. Ng'ambo ya mpaka, katika hifadhi ya Virunga huko Kongo, askari wa hifadhi 12 waliuawa katika shambulio la siku moja, tarehe 24 Aprili, 2020. Askari anayemtangulia mgeni porini anajua habari hizi. Akiona mtu mwenye bunduki kati ya miti, hana muda wa kumwomba leseni yake aisome. Anapaswa kujua papo hapo: mwenye bunduki humu ni mwenzangu au ni adui. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kumwambia kijana wetu aache bastola yake, hata kama ni mtu mwema.

Sababu ya pili ni ya porini kabisa. Bastola ya mjini ni silaha ya kumkabili mtu. Tembo aliyepigwa kwa bastola hafi. Anakasirika, na atakayelipa ni kundi zima. Yule askari hakuwaokoa wale sita kwa risasi. Aliwaokoa kwa kumwona tembo mapema, kujua upepo unavuma kutoka wapi, na kuinua mkono. Bunduki yake ilikuwa ya mwisho, siyo ya kwanza. Mtu mwenye bastola kiunoni huenda asingerudi nyuma upesi hivyo.

Wapo waliochagua njia nyingine. Marekani, tangu tarehe 22 Februari, 2010, mtu anayeruhusiwa na sheria za jimbo kumiliki bunduki anaweza kuingia nayo katika hifadhi ya taifa. Kuifyatua humo kwa jumla bado ni kosa. Wao wanatoka katika historia ambayo raia aliona bunduki kuwa haki yake mbele ya serikali. Sisi tunatoka katika historia ya Brussels na Wissmann, na baada ya uhuru tukachagua kwamba porini bunduki ibebwe na mtumishi wa umma. Mimi naona tulichagua vema. Lakini uchaguzi huo una bei, na bei hiyo lazima ilipwe.

Hapo ndipo penye uzito. Mnakumbuka Operesheni Tokomeza. Ilianza Oktoba 2013 dhidi ya majangili. Haikumaliza mwezi ila malalamiko yalikuwa yamelijaza Bunge: watu kupigwa, kuteswa, mifugo kuuawa, nyumba kuchomwa, na wengine kupoteza maisha. Ikasitishwa. Kamati ya Bunge ilipotoa taarifa yake Desemba 2013, mawaziri wanne waliondoka madarakani: wa Maliasili, wa Ulinzi, wa Mambo ya Ndani na wa Mifugo. Tembo walihitaji ulinzi, hilo halina ubishi. Lakini bunduki iliyokabidhiwa kulinda amana ya wananchi iligeuzwa dhidi ya wananchi, na wakubwa wakawajibika. Hilo nalo ni sehemu ya historia yetu, na si sehemu ya kuona haya, kwa sababu inaonyesha kwamba mwenye bunduki porini naye ana mtu wa kumwuliza.

Mahakama nazo huuliza. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kifungu kilichozoeleka kutumika kuwashtaki watu kwa kosa la kuingia hifadhini isivyo halali, kwa jinsi kilivyosomeka baada ya kurekebishwa, hakikuunda kosa hilo. Watu walikuwa wamefungwa kwa kifungu hicho. Askari wa hifadhi ana mamlaka makubwa. Anaweza kukusimamisha, kukupekua, kukukamata. Siku hizi wamewekwa katika mfumo wa jeshi usu, na vyeo vyao na gwaride lao. Yote hayo ni sawa, mradi mamlaka yabaki yale yaliyoandikwa, yasizidishwe na sare.

Na mzee wa Busisi je? Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, na kanuni zilizofuata mwaka 2011, ziliweka malipo kwa walioumizwa au kuharibiwa mali na wanyama wakali. Familia ya aliyeuawa iliwekewa shilingi milioni moja. Malipo hayo yanaitwa kifuta jasho na kifuta machozi. Tazameni majina hayo. Hayaitwi fidia. Serikali haikusema kwamba inadaiwa. Ilisema kwamba inasikitika. Mimi nasema, kwa heshima zote, kwamba hapa historia haikubaliani na jina. Anayemwambia mwenzake aweke mkuki chini, na akamfunga akiuinua, hawezi baadaye kuja msibani kama jirani wa kawaida mwenye pole mkononi. Anadaiwa, na deni hilo halilipwi kwa fedha peke yake. Linalipwa kwa kufika mapema.

Ndugu wasikilizaji, kijana wa Mwanza alilipwa deni lake. Aliacha bastola, akapewa askari, na askari alikuwa mbele yake siku nzima. Yeye alikuwa mgeni aliyelipa kiingilio. Mzee hakulipa kiingilio. Yeye anaishi na viboko bure, usiku na mchana, na askari wake alifika siku ya tatu. Mapatano ni yale yale: weka silaha chini, tutakulinda. Kwa mmoja yalitimizwa kwa dakika, kwa mwingine hayakutimizwa.

Kwa hiyo ninyi mnaokaa mpakani, kuanzia Lamadi mpaka Chato, mkutano wa kijiji ukiitishwa na maofisa wa wanyamapori wakaja kuwaeleza makatazo, wasikilizeni, kwa maana makatazo yana sababu. Wakimaliza, mnyoosheeni mkono na kuuliza maswali matatu. Askari wa karibu yuko wapi? Namba yake ya simu ni ipi? Akipigiwa saa kumi usiku kwamba kiboko yuko penye kisima, atafika saa ngapi? Majibu yaandikwe katika kitabu cha kijiji, mbele yao.

Niliagana na wale wawili pale Kigongo. Kijana alimlipia mzee chai, akamwuliza jina la mdogo wake aliyekufa. Mzee akamtajia. Kisha kijana akapanda gari, akashika njia ya Mwanza, na mzee akashika njia ya darajani kurudi kwake Busisi.